Baiskeli ya kike au mikste? Mwongozo wa kuchagua kwa wasafirishaji wa Kabonga na mwambao wa Tanganyika

Mfanyabiashara anayetafuta baiskeli ya mtumba kwa ajili ya kazi kati ya Kabonga, Nyanza-Lac na Rumonge huangalia kwanza bei, kisha rangi, kisha matairi. Umbo la fremu huja mwisho, na mara nyingi ndilo linaloamua kama baiskeli itadumu miaka mitano au itakatika kabla ya msimu mmoja wa mvua kwisha.

Makala hii inaeleza tofauti kati ya aina mbili za fremu zisizo na bomba la juu lililonyooka: baiskeli ya kike ya kawaida na ile inayoitwa mikste. Zote mbili hufaa kwa mtu anayeendesha akiwa amekaa wima, na zote huingia Afrika Mashariki pamoja na mitumba ya Ulaya na Japani. Hata hivyo hazibebi mzigo kwa namna moja, na hazitumii vipuri vilevile.

KWA NINI SUALA HILI LINA UMUHIMU

Biashara ya mpakani na baiskeli ni mambo yaliyokwenda pamoja tangu zamani. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, pale abiria na mizigo walipovushwa kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Pikipiki zilikuja baadaye na kulirithi jina hilo.

Kwa upande wa Burundi, baiskeli, au ikinga kwa Kirundi, haijawahi kuachia nafasi yake. Machi 2022 serikali iliziondoa baiskeli za abiria, pikipiki na bajaji katikati ya mji wa Bujumbura, lakini nje ya hapo kazi iliendelea. Uhaba wa petroli ulioikumba nchi hiyo katika miaka iliyofuata uliwafanya wasafirishaji wengi waone tena thamani ya chombo kisichosubiri foleni ya mafuta.

Kabonga ipo kwenye mwambao wa ziwa, katika eneo la Nyanza-Lac, jirani na kijiji cha Kagunga upande wa Tanzania. Sehemu hii ilikuwa chini ya mkoa wa Makamba, na tangu mabadiliko ya mipaka ya utawala ya mwaka 2025 ipo katika mkoa mpya wa Burunga pamoja na Rumonge. Ardhi ya mwambao, inayojulikana kama Imbo, ni tambarare kwa sehemu kubwa. Kutoka Nyanza-Lac hadi Rumonge ni kiasi cha kilomita 50 kwa barabara kuu namba 3, na kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kiasi cha kilomita 75. Ni pale barabara inapoliacha ziwa kwenda Mabanda na Mugina ndipo mlima unapoanza kwa kweli.

Kwa maneno mengine, mwambao ni mahali ambapo baiskeli ya kukaa wima, yenye gia moja, inaweza kufanya kazi vizuri. Swali ni ipi.

AINA TATU ZA FREMU

1. Fremu ya kiume. Hii ndiyo ya baiskeli nyeusi zinazojulikana kila mahali, kama Phoenix ya China na Hero au Avon za India. Ina bomba la juu linalokwenda sambamba na ardhi. Mabomba yake yanafanya pembetatu, na pembetatu ni umbo gumu kuliko yote. Haipindi kwa urahisi.

2. Fremu ya kike. Bomba la juu limeondolewa, na mahali pake kuna bomba moja au mawili yanayoshuka kutoka kwenye usukani hadi chini karibu na pedeli. Umbo hili lilianza mwishoni mwa miaka ya 1880, wakati wanawake wa Ulaya na Marekani walipoanza kuendesha wakiwa wamevaa magauni marefu. Baiskeli za mjini za Japani, zenye kikapu mbele na stendi ya miguu miwili, nyingi ni za aina hii. Vivyo hivyo baiskeli za akina mama za Uholanzi.

3. Mikste. Neno hili ni la Kifaransa na maana yake ni mchanganyiko, yaani baiskeli ya wanaume na wanawake. Kutoka juu kwenye bomba la usukani hutoka mabomba mawili membamba. Yanashuka kwa mshazari, yanapita kulia na kushoto mwa bomba la siti, na kuendelea bila kukatika mpaka kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Viwanda vya Ufaransa kama Peugeot, Motobécane na Gitane vilitengeneza mikste nyingi katika miaka ya 1970.

Si kila baiskeli yenye mabomba mawili ni mikste. Baadhi yana mabomba mawili yanayoishia kwenye bomba la siti tu. Hiyo ni fremu ya kike iliyopambwa. Mnunuzi aweke kidole kwenye bomba karibu na usukani na kulifuata. Likifika kwenye ekseli ya nyuma bila kukatika, ni mikste. Likiishia katikati, sio.

KUPANDA NA KUSHUKA

Faida kubwa ya fremu ya kike haihusu jinsia, inahusu mzigo. Mtu mwenye gunia au kreti refu kwenye keria hawezi kurusha mguu kwa nyuma. Kwenye baiskeli ya kiume hulazimika kuilaza baiskeli ubavu na kupitisha mguu juu ya bomba, na hapo ndipo mizigo mingi huanguka. Kwenye baiskeli ya kike mguu unapita mbele, chini ya goti, na baiskeli inabaki imesimama.

Kwa mama mwenye kitenge, au mwenye mtoto mgongoni, tofauti ni kubwa zaidi, kwa kuwa hawezi kuinama wala kuinua mguu juu. Mchuuzi anayesimama kila baada ya nyumba chache kuuza dagaa au mkate naye hupanda na kushuka mara nyingi kwa siku, na kila mara huokoa nguvu.

Mikste ipo katikati. Bomba lake lipo usawa wa goti au juu kidogo. Kwa mtu mfupi aliyevaa kitenge kilichobana, mikste inaweza kumsumbua karibu sawa na baiskeli ya kiume. Ni lazima ajaribu akiwa na mavazi yake ya kazi, sio suruali.

KUKAA WIMA NA UZITO WA NYUMA

Mwendeshaji anayekaa wima anaona mbali, hachoki mikono wala kiuno, na anaweza kugeuza kichwa kutazama gari linalokuja nyuma. Lakini kukaa wima kuna gharama yake. Uzito wa mwili karibu wote unaangukia kwenye siti, na kutoka hapo kwenye gurudumu la nyuma. Ukiongeza mzigo wa keria, gurudumu la nyuma linabeba kila kitu na la mbele linabaki jepesi. Ndiyo maana spoku hukatika nyuma, na usukani hucheza ukianza kupanda kilima.

Baiskeli nyeusi za mtindo wa Kiingereza zilijibu tatizo hilo kwa spoku 32 mbele na 40 nyuma. Baiskeli nyingi za Kifaransa zina spoku 36 kila upande, na baadhi za mjini zina pungufu ya hapo. Kabla ya kununua, spoku za nyuma zihesabiwe.

MZIGO: HAPA NDIPO FREMU INAPOJULIKANA

Kwenye fremu ya kike, mabomba ya mbele yanagonga bomba la siti chini, na mabomba ya nyuma yanaligonga juu. Kati ya sehemu hizo mbili bomba la siti limesimama peke yake bila msaada. Mzigo ukizidi, linapinda kidogo kila gurudumu linapoingia shimoni. Baiskeli inaanza kuyumba kama samaki: gurudumu la nyuma haliufuati mstari wa la mbele. Mwendeshaji anadhani gololi za usukani zimelegea, kumbe ni fremu inayojipinda.

Mikste inapunguza kasoro hiyo. Yale mabomba mawili yanaiunganisha sehemu ya mbele moja kwa moja na ekseli ya nyuma, hivyo nguvu ina njia ya kupita bila kutegemea bomba la siti peke yake. Bado haifikii ugumu wa fremu ya kiume, lakini kwa mzigo wa wastani haiyumbi.

Mzigo wa wastani ni kilo ngapi? Jibu lipo kwenye baiskeli yenyewe. Keria za Japani hugongwa chapa ya daraja, kwa mfano CLASS 18, CLASS 25 au CLASS 27. Namba hiyo ni kilo. Keria nyingi za Ulaya huandikwa kilo 25. Sasa dumu la lita 20 la mawese, bidhaa inayoijulisha Rumonge nchi nzima, lina uzito wa kiasi cha kilo 18 bila kuhesabu dumu lenyewe. Dumu moja linatosha kufikia kikomo cha keria ya CLASS 18. Madumu mawili yanapita kikomo cha zote tatu.

Kubadili keria na kuweka nzito ya chuma iliyochomelewa na fundi hakuondoi tatizo, bali kunalihamishia kwenye fremu na spoku. Kwa anayebeba madumu matatu au manne, au magunia ya muhogo, wala fremu ya kike wala mikste si chombo chake. Fremu ya kiume ina faida nyingine hapo: mzigo unaweza kuingizwa ndani ya pembetatu, chini ya bomba la juu, na baiskeli ikasukumwa kwa miguu kwenye mlima. Baiskeli isiyo na bomba la juu haina nafasi hiyo.

Wapo mafundi wanaochomelea nondo kati ya usukani na siti ili kuimarisha fremu ya kike. Kwa kufanya hivyo mwenye baiskeli amepoteza sababu ya kuinunua, na joto la kuchomelea hudhoofisha bomba jembamba pembeni mwa kiungo. Ikilazimika, ni afadhali kuuza na kununua ya kiume.

NAMBA ZA MATAIRI: MTEGO MKUBWA

Wanunuzi wengi hupata hasara hapa kuliko kwenye fremu. Namba za zamani za inchi hudanganya, kwa kuwa inchi moja hutumika kwa rimu zenye vipimo tofauti. Namba ya kuaminika ni ile ya milimita iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, yenye sehemu mbili. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa.

- 40-635: inchi 28 kwa 1½. Hii ndiyo ya baiskeli nyeusi za China na India.
- 37-622: nayo huitwa inchi 28 Ulaya. Inapatikana kwenye baiskeli nyingi za Uholanzi, Ujerumani na mikste nyingi.
- 584: rimu ya Kifaransa iitwayo 650B, kwenye mikste za zamani.
- 37-590: inchi 26 kwa 1 3/8, ya Japani na Uingereza.
- 37-609: inchi 27 kwa 1 3/8 ya Kijapani.
- 559: inchi 26 ya baiskeli za milimani.

Tofauti ya 635 na 622 ni milimita 13 tu, lakini tairi la moja halikai kwenye rimu ya nyingine, ingawa zote huitwa 28. Vivyo hivyo 590 na 559, ambazo zote huitwa 26.

Kanuni ni rahisi. Kabla ya kulipia baiskeli, mnunuzi asome namba ya tairi, kisha aulize kwenye maduka mawili ya vipuri ya mji anakofanyia kazi kama tairi la namba hiyo lipo. Kama halipo, bei ya baiskeli ijumlishwe na bei ya rimu mbili, spoku, matairi na tyubu. Aidha, rimu kubwa zaidi inaweza isiingie kwenye uma, na raba za breki zinaweza zisiifikie rimu.

NYUZI ZA KIFARANSA

Mikste ya zamani kutoka Ufaransa ina mtego wa pili: nyuzi za skrubu. Pedeli za kawaida zina nyuzi za inchi 9/16. Za Kifaransa za zamani ni milimita 14, ndogo kidogo. Pedeli ya kawaida haiingii, na ikilazimishwa inaharibu mkono wa krenki.

Kwenye vikombe vya katikati, mahali gololi za krenki zinapokaa, nyuzi za kawaida za Kiingereza hugeuzwa upande wa mnyororo: hufungwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Kwenye nyingi za Kifaransa za zamani vikombe vyote viwili hufungwa kwa kufuata saa. Fundi asiyejua hilo atavuta spana upande usio wake mpaka kikombe kipasuke. Shingo ya usukani nayo ni milimita 22.0 badala ya 22.2, kwa hiyo ya kawaida haipiti.

Hili halina maana kwamba mikste ya Kifaransa isinunuliwe. Lina maana kwamba inunuliwe ikiwa nzima: pedeli, krenki, vikombe na usukani viwe vyake na viwe vizuri. Iliyopungukiwa kitu kimoja inaweza kulala ghalani mwaka mzima. Mikste zilizotengenezwa Japani, na za Ulaya za miaka ya karibuni zaidi, kwa kawaida hutumia vipimo vya kimataifa na hazina shida hii.

BREKI NA MVUA

Raba za breki kwenye rimu ya chuma hushika vibaya sana wakati wa mvua. Rimu ya alumini hushika vizuri zaidi. Breki ya kurudisha pedeli nyuma, iliyomo ndani ya kitovu cha gurudumu katika baiskeli nyingi za Uholanzi na Ujerumani, haijali mvua wala tope, na kwenye tambarare ya Imbo inafaa. Kwenye mteremko mrefu, kama wa kutoka Mabanda kushuka ziwani, hupata joto kali na grisi yake huungua. Mwenye mzigo kwenye njia hiyo anahitaji pia breki ya mbele inayofanya kazi.

UKAGUZI WA FREMU KABLA YA KULIPA

1. Sumaku ya redio mbovu ipitishwe kwenye mabomba. Ikinasa ni chuma, na fundi wa kawaida anaweza kuichomelea. Isiponasa huenda ni alumini, na ikipasuka haichomelewi kwa mashine ya kawaida.
2. Rangi iliyokunjamana au kupasuka nyuma ya bomba la usukani ni dalili ya fremu iliyogonga.
3. Kwenye baiskeli ya kike, kiungo cha chini cha bomba la siti kikaguliwe kwa mwanga. Ufa huanzia hapo.
4. Kwenye mikste, mahali mabomba membamba yanapovuka bomba la siti na mahali yanapofika kwenye ekseli pakaguliwe vivyo hivyo.
5. Mtu mmoja asimame nyuma na kutazama magurudumu yote mawili kwa mstari. Yasipolingana, fremu au uma umepinda.
6. Ijaribiwe ikiwa na mzigo halisi, sio tupu.

MPAKANI

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na kujiunga na umoja wa forodha wa jumuiya hiyo mwaka 2009. Wafanyabiashara wadogo wanaokijua cheti cha uasili kilichorahisishwa, cha bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wakumbuke kwamba kinahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Baiskeli iliyotengenezwa Japani, China au Ufaransa haipati asili ya Tanzania kwa sababu tu imenunuliwa Kigoma. Anayenunua kwa matumaini hayo hupiga hesabu yenye kasoro.

Katika orodha ya ushuru baiskeli zipo fungu la 87.12, vipuri vyake 87.14, matairi mapya 40.11 na tyubu 40.13. Mfanyabiashara ajue mafungu haya ili aulize kiwango kinachotumika kwa afisa wa OBR upande wa Burundi, au TRA upande wa Tanzania, kabla ya kununua wala si baada ya kufika. Risiti ya ununuzi na namba ya fremu iliyoandikwa juu yake humlinda pia dhidi ya tuhuma za baiskeli ya wizi.

KWA UFUPI

Fremu ya kike inamfaa mchuuzi wa njia fupi na tambarare, anayeshuka mara kwa mara, mwenye kitenge au mtoto mgongoni, na ambaye mzigo wake hauzidi namba iliyogongwa kwenye keria.

Mikste inamfaa anayekwenda mbali zaidi, kama Nyanza-Lac hadi Rumonge, na mzigo wa dumu moja au kikapu cha samaki, ilimradi ina namba ya tairi inayopatikana na vipuri vyake vyote vipo.

Anayebeba madumu mawili na zaidi, au anayepanda kwenda Mabanda na Mugina na magunia, abaki na fremu ya kiume.

Ikiwa baiskeli mbili zina bei moja na mnunuzi ameshindwa kuamua, achukue ile ambayo tairi lake linauzwa dukani karibu na nyumbani kwake. Fremu nzuri isiyo na tairi haibebi hata kilo moja.